Matofaa Mabovu na Meza ya Chaani

Swali hili halitakujia katika Karatasi ya Tatu. Hakuna mtahini atakayekuuliza mwandishi wa Nguu za Jadi au wa Bembea ya Maisha huandika saa ngapi, huketi wapi, wala hunywa nini akiandika. Ungeweza kuuruka ukurasa huu uende moja kwa moja kwenye maudhui na wahusika, na katika Fasihi usipoteze hata nusu alama. Nakuomba usiuruke. Kuna imani moja kuhusu waandishi ambayo wanafunzi wengi wa kidato cha nne wanayo, na inawapokonya alama katika karatasi nyingine kabisa, ile ya Insha, bila wao kujua.

Imani yenyewe huanzia kwenye visa. Wanafunzi wanavipenda visa vya waandishi kuliko vitabu vyao, na siwalaumu, maana vingine vinachekesha kweli. Mfaransa Victor Hugo alikuwa amechelewa kumkabidhi mchapishaji riwaya yake mwaka 1830. Inasimuliwa kwamba alizifungia nguo zake za kutokea ili asipate namna ya kwenda matembezini, akajitanda shali kubwa la kijivu, akaandika hadi akamaliza. Mjerumani Friedrich Schiller naye aliweka matofaa mabovu ndani ya mtoto wa meza yake. Siku moja rafiki yake Goethe alimtembelea, akaketi kwenye meza ile kumngojea, na ule uvundo ukamlevya nusura azirai. Mke wa Schiller akamweleza kuwa mumewe hawezi kufanya kazi bila harufu hiyo.

Ukimaliza kucheka, angalia unaloondoka nalo. Wengine huondoka wakisema: kumbe mwandishi ni kiumbe wa aina yake, ana wazimu wake mtakatifu, na mimi mtoto wa Chaani sina, basi insha yangu itabaki kuwa ya alama tisa. Wengine huondoka na jingine: nami nikipata kitu changu, muziki masikioni, kalamu fulani, chai fulani, kitu fulani cha kutafuna, maneno yatakuja yenyewe. Hao wa kwanza wamekata tamaa. Hao wa pili wamejifunga kamba ambayo siku ya mtihani hawataweza kuivuta.

Maoni yangu ni haya. Kituko cha mwandishi ni kifaa cha kazi, kama jembe au sindano, na ukikitazama vizuri utaona kinafanya moja kati ya kazi mbili: ama kinafunga mlango ambao mwandishi hana, ama kinaiambia akili kwamba saa ya kuandika imefika. Unapokutana na jazanda katika kitabu teule, mwalimu hukufundisha uulize inafanya kazi gani pale. Uliza hivyo hivyo juu ya nguo za Hugo. Jibu ni rahisi: hakuziamini nia zake mwenyewe, akaufunga mlango.

Chukua mfano wa Maya Angelou, Mmarekani mweusi aliyeandika habari za maisha yake katika vitabu kadhaa. Alikuwa na nyumba nzuri, na bado alikodi chumba cha hoteli mjini kwao, akifika humo kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Aliwaomba wahudumu waziondoe picha zote ukutani. Ndani alikuwa na Biblia, kamusi ya visawe, madaftari ya manjano, karata na chupa ya mvinyo, akajilaza kitandani akaandika hadi mchana. Usiku alirudi kulala kwake. Mwanafunzi wangu akisikia hadithi hii hukumbuka mvinyo na karata. Mimi nakumbuka zile picha zilizoondolewa. Mtu mwenye nyumba kubwa alilazimika kulipia kuta tupu.

Sasa hebu tuzungumze kuhusu kuta zako. Chaani ninayoijua ni ya nyumba za vyumba vingi na koridoo moja katikati, kila chumba na familia yake. Trela zinaelekea bandarini na kurudi usiku kucha, ndege zinashuka uwanja wa Moi juu ya mabati, jirani ana redio, jirani wa pili ana mtoto mchanga, na Jumamosi jioni kuna mechi. Mkokoteni wa maji ukipita lazima mtu atoke na mitungi. Tokeni za stima huisha saa tatu usiku, wakati ule hasa ulipokuwa umefungua daftari. Meza ya kuandikia ndiyo meza ya kulia, na mara nyingine hakuna meza, kuna kitanda na magoti yako. Hoteli ya Bi Angelou huna. Mtu akikuambia utafute mahali patulivu pa kusomea, amekupa ushauri wa mtaa mwingine.

Hapo ndipo baadhi yenu mnapokimbilia muguka. Nitalisema hili waziwazi kwa sababu katika miongozo hatulisemi. Mwezi Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, mabishano yakafika hadi mahakamani. Wakati huo watu wazima walizungumzia biashara na ushuru, huku vijana wakiendelea kuambiana kwamba muguka unakesha nawe, unakufungua akili, unakusaidia kusoma. Mwandishi Mfaransa Honoré de Balzac aliiamini kahawa vivyo hivyo. Aliamka usiku wa manane, akavaa joho jeupe mithili ya mtawa, akanywa kikombe baada ya kikombe hadi asubuhi. Kahawa ya maji ilipoacha kumtosha, aliandika mwenyewe jinsi alivyokula unga wake mkavu tumbo likiwa tupu. Alifariki mwaka 1850 akiwa na umri wa miaka 51, moyo umechoka. Vitabu aliviacha vingi, hilo ni kweli. Lakini joho lilikuwa la bure na lilifanya kazi ile ile ya kuiambia akili kwamba usiku wa kazi umeanza. Kahawa ilidai zaidi kila mwaka. Kituko kinachoongeza bei kila wiki kimekwisha kuwa bwana wako. Isitoshe, usingizi uliokopa usiku huo utakudai saa tatu asubuhi, ukiwa mbele ya karatasi ya maswali.

Nimetaja Wazungu na Wamarekani kwa sababu visa vyao ndivyo vinavyowafikia wanafunzi kwanza. Lakini pwani hii ilikuwa na ada zake za kuandika kabla ya Balzac kuzaliwa, na umezisoma pasipo kuzitambua. Fungua utenzi wowote wa kale. Mtunzi haanzi kisa papo hapo. Anataja jina la Mwenyezi Mungu, kisha mara nyingi anaagiza karatasi na wino, anaomba wino mzuri na kalamu ya kufaa, ndipo anaingia katika habari yenyewe. Katika mwisho anataja jina lake, na pengine tarehe. Mwana Kupona binti Mshamu, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858, aliutunga utenzi wake kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Naye hakuacha ada hiyo: kwanza anamwita mtoto asogee aketi na karatasi na wino, kisha wosia unaanza.

Wanafunzi huziona beti hizo kama za kupitisha muda, na wengine huzisoma haraka wafike penye maudhui. Mimi nazipenda kupita kiasi. Mtunzi anajitayarisha mbele ya macho yetu. Kuitaja kalamu na karatasi ndiyo njia yake ya kukaa vizuri, kama fundi anayepanga misumari kabla ya kugonga wa kwanza. Na ada hiyo haimgharimu chochote, kwa sababu imo ndani ya shairi lenyewe. Popote atakapokwenda, atakwenda nayo.

Kuna ada nyingine ya hapa petu ambayo silabasi inaiita umbo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840. Mashairi yake mengi yaliishi vinywani na vichwani mwa watu kwa miaka mingi, hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya, akimsaidia Mwingereza William Taylor, mwishoni mwa karne hiyo. Yaliishije? Kwa vina na mizani. Kina kikipotea, sikio linajua. Mizani ikipungua, ulimi unajikwaa na anayeghani anarudi kutafuta silabi iliyodondoka. Tunapokuuliza uhesabu mizani katika ubeti, unahesabu kufuli na minyororo iliyolilinda shairi lisiibwe na usahaulifu. Mtu aliyezoea kutunga hivyo hahitaji meza. Anatunga akitembea, akivuta kamba ya mashua, akingoja.

Au akiwa amefungwa. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu tuna waandishi wawili wa nchi hii ambao mazoea yao ya kuandika yanapita ya Schiller kwa mbali, na hawakuyachagua.

Abdilatif Abdalla ni mzaliwa wa Mombasa, mwaka 1946. Alipokuwa na umri wa miaka 22 aliandika kijikaratasi cha siasa kilichouliza Kenya inaelekea wapi. Mwaka 1969 akahukumiwa kifungo, akakaa ndani hadi Machi 1972, sehemu kubwa ya muda huo akiwa peke yake. Gereza la Shimo la Tewa unalijua; ukivuka Nyali ukashika njia ya Mtwapa unalipita. Huko, na Kamiti, ndiko alikotungia mashairi yaliyokuja kuitwa Sauti ya Dhiki. Karatasi aliyotumia ni ya chooni. Diwani ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka 1974 ikashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Ukitaka mfano wa kinaya kwa ajili ya daftari lako, huo hapo, tena wa kweli.

Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa kutoka nyumbani kwake Limuru siku ya mwisho ya mwaka 1977, baada ya mchezo wake wa kuigiza wa Kamirithu kupigwa marufuku. Akawekwa kizuizini Kamiti, chumba namba 16, bila kufunguliwa mashtaka, hadi Desemba 1978. Kwa muda huo aliandika riwaya nzima kwa Kigĩkũyũ juu ya karatasi ya chooni. Baadaye alieleza kwamba karatasi hiyo ilikuwa ngumu, mbaya kwa mwili na nzuri kwa kalamu. Maafisa waliupekua msokoto wake wakaunyakua, na baada ya wiki kadhaa ukarudishwa. Wewe unaweza kuisoma riwaya hiyo kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani.

Watu huyasimulia haya kama vituko: eti waliandika kwenye karatasi ya chooni! Ukiyasimulia hivyo umeyaharibu. Karatasi ile haikuwa chanzo cha ubunifu wao. Ilikuwa kile kilichokuwapo. Lililo la ajabu zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba kila mmoja alijiwekea kazi ya siku mahali ambapo siku zote zinafanana. Mlango walifungiwa na wengine. Iliyobaki ni ile kazi ya pili, kuiambia akili kwamba saa imefika, na hiyo waliifanya bila saa, bila kahawa, bila shali la kijivu. Abdilatif alikuwa na vina na mizani za Kimvita, alizorithi kutoka kwa watu walioghani kabla ya magereza hayo kujengwa. Ngũgĩ alikuwa na lugha ya mama yake na uamuzi wa kuitumia.

Usinielewe vibaya. Simfananishi mtoto wa Chaani na mfungwa, wala sisemi kwamba dhiki ni nzuri kwa uandishi. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, na naamini angeandika zaidi kama asingelazimika kuamkia kazi ya serikali ya kikoloni. Dhiki imewanyamazisha wengi ambao majina yao hatutayajua. Ninachosema ni kwamba katika mazoea yote niliyoyataja, yanayokufaa wewe ni yale yanayobebeka.

Maana fikiria chumba cha mtihani. Karatasi 102/1, saa moja na dakika arobaini na tano, insha mbili, kila moja isiyopungua maneno 400. Msimamizi anapita kati ya madawati. Vipokea sauti haviruhusiwi. Chai hakuna. Simu hairuhusiwi, na ukipatikana nayo yatakuwa mengine. Kama kwa miaka minne umeifundisha akili yako kwamba haiandiki bila muziki, umeifundisha isiandike siku hiyo. Schiller angefeli, isipokuwa kama angeruhusiwa kuingia na tofaa.

Kwa hiyo jitungie ada ndogo ambayo haitakamatwa mlangoni. Fanya kama mtunzi wa utenzi: kabla ya sentensi ya kwanza, panga vifaa vyako, sema bismillahi au sala yako kama una imani, piga mstari wa pambizo, andika kichwa kwa herufi kubwa, kipigie mstari, kisha anza. Fanya hivyo hivyo kila mara, hata ukiwa kitandani na daftari magotini, hata kama ni aya moja tu. Baada ya wiki chache mkono utaanza kuelewa kwamba mstari ule wa pambizo una maana gani. Na sentensi ya kwanza itunge kabla hujaketi. Itunge ukiwa kwenye foleni ya maji, ndani ya matatu, ukingoja mahamri. Ighibu kama shairi, ili ukifungua daftari usikutane na ukurasa mtupu.

Na kuhusu muda, namsifu mtu ambaye wapenzi wa vituko humchukia. Mwingereza Anthony Trollope aliajiriwa na Posta. Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mezani, saa yake mbele yake, akajidai maneno 250 kwa kila robo saa, kisha akaenda kazini. Mtumishi wake mzee alimlipa pauni tano zaidi kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Aliandika riwaya 47. Alipoyaeleza hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1883, baada ya kifo chake, wasomaji wengine walichukizwa: walitaka kusikia habari za wahyi, wakapewa habari za saa ya ukutani.

Wewe hata usijaribu kasi yake. Chukua nusu. Maneno 125 kwa robo saa yanakupa maneno 400 kwa dakika 48, na insha mbili kwa dakika 96. Zinabaki dakika tisa za kuchagua swali na kusahihisha. Hesabu hiyo haihitaji kipawa. Inahitaji uwe umeifanyia mazoezi mara nyingi kiasi kwamba robo saa unaijua mwilini, bila kutazama saa.

Najua kuna msichana anayesoma hapa akisema: mwalimu, hiyo robo saa yenyewe iko wapi? Nikirudi nyumbani kuna maji, kuna mtoto, kuna ugali, kuna vyombo. Toni Morrison, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, alianza kuandika akiwa mhariri katika shirika la uchapishaji na mama anayelea watoto wawili wa kiume peke yake. Aliamka kukiwa bado giza, akatengeneza kahawa, akaitazama nuru ikiingia, na kuandika kabla watoto hawajaita. Mwanzoni hakulichukulia hilo kuwa ada; ulikuwa ndio muda pekee uliobaki. Chaani kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, kabla ya adhana na kabla ya foleni ya maji, ndio wakati ambao nyumba hizi hukaribia ukimya, na tokeni za taa moja hazili sana.

Lakini sitaki jibu langu lote liwe kwamba msichana apunguze usingizi. Wewe mvulana uliyeketi barazani na mwongozo huu mkononi huku dada yako yuko uani, ana mtihani ule ule, tarehe ile ile. Vyombo vya watu sita havipiti nusu saa. Kwa kasi ile tuliyokubaliana, nusu saa ni maneno 250, zaidi ya nusu ya insha moja.